Huyo mtu wa kumi

Shoga yangu Rukia,

Salamu kutoka Mbagala. Keki imefika, ingawa kona moja nadhani watu wa basi walishaionja.

Umeniandikia kwamba serikali ikishusha kodi ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25, kesho yake unaajiri mtu wa kumi hapo kwenye karakana yako ya mikate. Hapo sikubaliani nawe. Kodi hiyo hutozwa kwenye faida, na mishahara huondolewa kabla faida haijahesabiwa. Mwaka wa hasara hudaiwi kodi hiyo, labda hasara ikuandame miaka mitatu mfululizo. Anayekuzuia ni SDL, ile tozo ya ujuzi anayolipa mwajiri juu ya mishahara.

Tangu 2021, mwenye wafanyakazi chini ya kumi hadaiwi tozo hiyo. 2023 wakaishusha kutoka asilimia 4 hadi 3.5, tukashangilia. Sasa angalia. Tuseme kila mmoja unamlipa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa kila mmoja unachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 40,000 na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi 2,000, basi, jumla 442,000. Akiingia wa kumi, SDL haimhesabu yeye peke yake, inawahesabu wote: 14,000 mara kumi, yaani 140,000. Kwa hiyo kijana huyo mmoja anakuongezea gharama ya 582,000 kwa mwezi, na mkononi, akishakatwa NSSF na PAYE, kodi ya mshahara, anapokea 352,800. Na tarehe 7, siku ya mwisho ya kulipa, haikuulizi kama mikate iliuzika.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba fedha hiyo ndiyo inayochangia VETA, vyuo vya ufundi stadi, na kijana unayemtaka ametoka VETA! Tunamfundisha kuoka, kisha tunamwekea bei mlangoni.

NSSF siilaumu. Ni akiba yake, ataikuta uzeeni. SDL ndiyo inayopotea machoni pa mfanyakazi kabisa. Sheria hairuhusu umkate, sawa, lakini unapokaa kupanga mshahara wake tayari unaijua, unamwambia 350,000 badala ya 400,000, naye anashukuru. Hapo nani amelipa? Ndiyo maana wanaponiambia "kodi ya mwajiri" mimi huguna tu.

Kodi ya faida nayo ina watu wake. Mwenye mtaji mkubwa huiangalia anapochagua nchi ya kujenga kiwanda, na kampuni ikiingia Soko la Hisa la Dar es Salaam na kuuza angalau asilimia 30 ya hisa zake kwa umma, hutozwa 25 kwa miaka mitatu. Wewe ungeisikia ukipanga kununua oveni kwa faida ya mwaka jana. Kwa kuajiri, hapana.

Mimi ningetaka SDL ianze kwa mtu wa kumi na kuendelea, wale tisa waachwe. Hazina wangepoteza kidogo, lakini karakana ngapi zingeacha kujificha kwenye tisa? Huku nimeona mume na mke wakigawana biashara moja majina mawili. Usijaribu. Na usidhani vibarua hawahesabiwi, TRA, watu wa mapato, wanawahesabu.

Ukiamua kumchukua, mchukue pamoja na wa kumi na moja, maana huyo atakugharimu 456,000 tu. Ila uwe na soko la mikate ya watu wawili, siyo matumaini ya Ramadhani peke yake. Nitumie orodha ya mishahara na mauzo ya miezi sita, nikupigie hesabu kamili kabla hujamwita kijana wa watu.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanahamisi