Filamu za Dodoma ziache kuiga Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Zikitajwa filamu za Kibongo mbele ya watu waliosoma, lawama ya kwanza ni bajeti. Picha hafifu, taa hakuna, nusu saa nzima gari linaingia getini na kutoka. Nimeyasikia hayo kwa miaka mingi nikiwa na kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video kwa kiingilio, huku Chang'ombe, Dodoma, na naomba nafasi niseme kwamba lawama hiyo imekosa mlengwa. Bila ufukara huo sinema hii isingezaliwa.

Serikali iliunda kampuni ya filamu, TFC, mwaka 1968, na filamu ndefu za hadithi ilizotoa zinahesabika kwa vidole, maana utepe wa sinema na usafishaji wake ni gharama kubwa. Televisheni ilipoanza huku bara mwaka 1994, vikundi vya maigizo vikapata pa kuonekana. Waigizaji kina Kanumba, Ray na Johari walitokea kikundi cha Kaole, wakaonekana ITV, kisha wakaingia kwenye filamu za kuuza kwa kanda na CD. Wanigeria walikuwa wameshaonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba inatosha kamera ya video, sebule ya rafiki na waigizaji wenye moyo.

Kibandani kwangu wakati huo walitamba Wahindi na Wachina wa mateke, huku DJ akitafsiri juu ya picha na kuongeza chumvi zake. Wateja walikuwa vijana wa kiume watupu. Filamu za nyumbani zilipoingia, nikaanza kuona kina mama wamebeba watoto, wengine na mchicha wa kuchambua mapajani. Hawa hawakumhitaji DJ. Walimtukana mama mkwe wa kwenye skrini kwa sauti, wakamwonya staringi asinywe ile juisi. Aliyeshangaa kuona maelfu ya watu wakifurika viwanja vya Leaders Club kumuaga Kanumba, Aprili 2012, hakuwahi kukaa na kina mama wale.

Fedha ziliishia wapi ni habari ndefu, nitaifupisha. Prodyuza aliuza filamu na haki zake zote kwa msambazaji wa Kariakoo, akalipwa mara moja, basi. Huku kwetu DVD ilifika ikiwa imeshachomwa nakala za bei ya soda, na stempu za kodi zilizoanza mwaka 2013 hazikuwazuia wachomaji. Kisha zikaja flashi, na maduka ya DVD yakafa. Siku hizi mnunuzi ni televisheni, kama Sinema Zetu ya Azam au Maisha Magic Bongo, au mtu anaweka tamthilia yake YouTube vipande vipande. Kijana wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, halazimiki tena kupanda basi na filamu yake begani kwenda kumbembeleza mtu Kariakoo.

Sasa huyo kijana wa Nkuhungu anashuti nini? Anahangaika kutafuta nyumba yenye geti la umeme na sofa jeupe, anamvalisha rafiki yake suti ya kuazima, wanaongea kama wamezaliwa Sinza. Mgogo akitokea ni mlinzi au ombaomba, na lafudhi yake ndiyo kichekesho chenyewe. Hapo ndipo mimi na hawa vijana tunapogombana, na tunagombana kweli. Kwa bajeti yao hawawezi kumshinda mtu wa Dar kwa majumba. Wanaweza kumshinda kwa hadithi.

Chukueni msimu wa Bunge peke yake. Aprili ikifika nyumba za wageni zinajaa, bei inapanda, na mwenye nyumba anaanza kumwangalia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyempangisha chumba kwa jicho jingine. Kuna viwanja: mzee anaambiwa shamba alilorithi limepimwa, kisha wanakuja watu wawili kila mmoja na karatasi yake. Migogoro ya namna hiyo iliisumbua Dodoma tangu enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyogawa viwanja na kuvunjwa mwaka 2017, na hakuna mtu hapa mjini asiye na ndugu aliyeguswa. Kuna mkulima wa zabibu wa Hombolo mwenye mavuno yanayoiva kwa siku zake na mnunuzi asiyepokea simu. Lokesheni ya hadithi hizi zote ni bure.

Hata muziki. Utaona mke anafiwa Mpwapwa, unapigwa muziki wa kinanda uliookotwa intaneti. Hii ndiyo nchi ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyeifikisha ilimba, ala yetu ya kupigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya! Kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wapo, wanapiga ngoma kila penye sherehe. Kawaombeni, walipeni kidogo.

Ushauri mmoja wa fundi: sauti. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza, ila hasamehi maneno yasiyosikika, na upepo wetu wa kiangazi unameza kila neno. Fedha ya suti iende kwenye maiki.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, bara ikiwa haina kituo cha televisheni hata kimoja. Imefanyiwa marekebisho, lakini msingi wake haujabadilika: kibali kwanza, kamera baadaye. Bodi ya Filamu ingekuwa na njia nyepesi kwa kijana mwenye kamera moja na waigizaji sita. Na Jiji liwape kumbi za kata jioni za Ijumaa, wafanyakazi wanapokuwa wameondoka, wakusanye kiingilio cha shilingi mia tano mia tano. Projekta ninayo, naiazimisha bila malipo kwa atakayeleta filamu iliyoshutiwa Dodoma na inayoonekana ni Dodoma.

Mwenye kibanda,
Chang'ombe, Dodoma