Ukurasa wa ndoto uwafundishe wasomaji kuzikumbuka na kuzitambua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ukurasa wa tafsiri za ndoto, ambao hapa Tukuyu unapendwa sana na mara nyingi husomwa kwa sauti ili hata wasiojua kusoma wapate kusikia. Siombi ukurasa huo ufutwe. Ninachoomba ni kwamba, pamoja na kutuambia kuwa nyoka ni adui na kung'oka jino ni msiba, mtufundishe pia jinsi mtu anavyoweza kuikumbuka ndoto yake sawasawa, na jinsi anavyoweza kujizoeza kuota huku akijua kwamba anaota.

Kilichonisukuma kuandika ni binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye tangu mwaka jana amekuwa akikabwa na jinamizi. Huzinduka karibu na alfajiri, macho yanaona paa na dirisha, lakini mkono hauinuki, sauti haitoki, na kifuani anahisi uzito kama wa mtu aliyemkalia. Wazazi wake walimpeleka kwa mganga, naye baada ya kupokea fedha akawaambia kwamba anayemkalia mtoto ni mwanamke mzee wa ukoo huohuo. Tangu siku hiyo bibi yule, ambaye ndiye aliyemlea binti huyo wakati mama yake akiugua, hakukaribishwa tena jikoni kwao. Nimefundisha shule za msingi katika wilaya hii kwa miaka mingi, na ninajua neno la namna hiyo likishatamkwa linaweza kumfikisha mzee wapi.

Ilhali jambo lenyewe lina maelezo. Usingizi wetu huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na katika kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, ubongo ukiwa na shughuli nyingi na ndoto zikiwa dhahiri. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza kipindi hicho mwaka 1953. Wakati huo ubongo huifunga misuli mingi ya mwili, ili mtu anayeota anakimbia asirushe mateke kitandani. Akili ikiamka kabla misuli haijafunguliwa, mtu hujikuta yu macho ndani ya mwili usiomtii, na mabaki ya ndoto yakiwa bado mbele yake. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya sekunde au dakika chache, na huwapata zaidi wanaolala kidogo, wasio na saa maalumu ya kulala, na wanaolala chali. Binti anayesoma hadi saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja kuteka maji ana sababu ya kutosha kukabwa, wala hapo hatumhitaji mzee wa kubebeshwa lawama.

Kipindi hichohicho cha macho kuchezacheza ndicho kinachomwezesha mtu kujitambua akiwa ndotoni. Wapo watakaosema hayo ni maneno matupu, kwa hiyo nieleze lililofanyika Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Hull, mwaka 1975. Mtafiti Keith Hearne alikubaliana na Alan Worsley, aliyejitolea kufanyiwa jaribio hilo, kwamba pindi Worsley atakapojua anaota, apeleke macho kushoto na kulia kwa mpango waliouweka, kwa kuwa misuli ya macho haifungwi usingizini kama ya viungo vingine. Worsley alilala, akaota, akatoa ishara, na mashine zikaiandika wakati vipimo vyote vikionyesha kwamba amelala. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata matokeo ya namna hiyo bila kujua kazi ya Hearne. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitangaza kwamba wamewauliza maswali watu waliokuwa usingizini na kujibiwa: mmoja aliulizwa nane ukitoa sita, akajibu kwa kusogeza macho mara mbili.

Sasa nieleze njia, maana hapa ndipo ukurasa wenu ungeweza kusaidia. Anayetaka kujitambua ndotoni aanze kwa kukumbuka. Nilinunua kaunta buku, nikaliweka chini ya mto pamoja na kalamu na tochi ndogo. Nikiamka sigeuki, sifumbui macho, wala simwitikii mtu. Ninakishika kipande cha mwisho cha ndoto, hata kiwe ni rangi ya shati tu, kisha ninakifuata kurudi nyuma hadi kilipotokea. Ukigeuka upande mwingine na kuanza kufikiria kuni na maziwa, ndoto imekwenda. Baada ya hapo ninaandika upesi bila kujali mpangilio, na siku ambayo sikumbuki kitu ninaandika nimeamka na hali gani, furaha au wasiwasi. Wiki ya kwanza nilipata mistari miwili. Mwezi wa pili ilikuwa kurasa mbili kwa usiku mmoja, hasa ndoto za baada ya saa tisa usiku, kwa sababu vipindi vya kuota hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha.

Kaunta buku hilo ndilo lililonionyesha kwamba mara kwa mara ninaota soko la Mwanjelwa, pale Mbeya, kama lilivyokuwa kabla halijaungua mwaka 2006. Usiku mmoja wa Aprili nilikuwa nimesimama kwa muuza vitenge, nikasoma bei kwenye kibao: elfu nne. Nikaangalia pembeni, nikasoma tena, na tarakimu zilikuwa zimegeuka herufi. Nikajisemea, soko hili liliungua, kwa hiyo ninaota. Rangi za vitenge zikakolea papo hapo. Nikasugua viganja, zoezi ambalo husaidia ndoto isikatike, nikahisi joto lake, huku nikijua fika kwamba mwili wangu umelala Tukuyu chini ya mablanketi mawili na mvua inapiga bati. Ni miaka mingi sijapata furaha kama ile.

Zoezi la kusoma maandishi mara mbili mtu hulifanya mchana, kila siku, mpaka liwe mazoea yatakayomfuata usingizini. Akizinduka usiku, airudie ndoto aliyotoka kuiota, aseme moyoni kwamba nikiota tena nitakumbuka kuwa ninaota, na ajione yumo ndani ya ndoto hiyo akiitambua. LaBerge alifundisha hivyo, na mimi sikupata njia nyingine iliyonifaa zaidi.

Tahadhari nazo ziandikwe. Zoezi hili lisimpunguzie mtu usingizi, na dereva wa lori anayeshuka na mzigo kutoka Tunduma alale tu, asijiamshe usiku kwa ajili ya ndoto. Mwenye maradhi ya akili yanayomchanganya kati ya kilichopo na kisichopo asijaribu bila ushauri wa daktari.

Binti wa jirani nilimpa kaunta buku lake mwezi Mei, nikawaomba wazazi wake wamruhusu kulala saa nne. Amekabwa mara mbili tu tangu wakati huo. Mara ya pili aliandika hivi, nami ninanukuu kwa ruhusa yake: "Limekuja, nikajua ni mwili wangu bado umelala, nikasubiri, nikaanza na kidole kimoja." Ukurasa ule aliupeleka mwenyewe kwa bibi yake, akamsomea.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe