Manjano na choya vitumike katika somo la sayansi

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe walimu wa sayansi wa Unguja na Pemba kwamba uhaba wa karatasi za litmasi, zile zinazobadilika rangi kuonyesha asidi au alkali, si sababu ya kuwanyima wanafunzi somo la asidi na alkali. Manjano yaliyotwangwa, yakikorogwa na maji, yakapakwa kwenye karatasi nyeupe na kuachwa yakauke, hayabadiliki kwa asidi kama ndimu na siki, lakini hugeuka rangi ya damu ya mzee yakidondoshewa alkali kama maji ya sabuni ya kufulia au ya chokaa, ile ile inayotiwa katika tambuu.

Kwa maoni yangu choya, yaani rosela, ni bora zaidi, kwani manjano hayatenganishi ndimu na maji matupu, ilhali matone machache ya maji ya choya huwa mekundu katika ndimu na huelekea kijani katika alkali kali. Mwanasayansi Robert Boyle alieleza mabadiliko ya namna hii katika rangi za mimea tangu mwaka 1664.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isitumike kabisa, maana huiua rangi yenyewe na, ikichanganyika na siki au ndimu, hutoa gesi yenye sumu.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba