Redio za ridhaa zipewe nafasi mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, na hasa viongozi wa Mkoa wetu wa Kigoma, habari za kikundi chetu kidogo cha redio za ridhaa, yaani redio za kupiga na kupokea tunazotumia kwa kujitolea, bila biashara, pamoja na ombi tulilo nalo. Nimeandika baada ya kusikia katika mkutano wa hadhara kwamba siku hizi kila mtu ana simu ya mkononi, kwa hiyo redio za kupiga na kupokea zimepitwa na wakati. Aliyesema hayo namheshimu, na alisema kwa nia njema. Ila mwambao wa kusini hauko hivyo, nami nimeishi huko.

Mimi ni mkunga mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya kwenye zahanati za kando ya ziwa, kusini ya milima ya Mahale, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Uvinza. Enzi hizo tulikuwa na simu ya upepo. Redio ilikaa juu ya meza ya dawa, betri ya gari chini yake, na waya ulitokea dirishani hadi kwenye mti. Kila asubuhi vituo viliitwa kwa zamu: nani ana mgonjwa wa rufaa, dawa gani zimekwisha, boti iko wapi. Mama akipata uchungu pingamizi, walio Kigoma walijua kabla hajapakiwa kwenye boti.

Zilipokuja simu za mkononi, redio ilipoharibika hakuna aliyeitengeneza, na baadaye ikaondolewa kabisa. Minara imetusaidia sana, wala sikatai. Lakini mnara nao unahitaji umeme, na mlima ukikaa kati yake na wewe huna lako. Kuna usiku mmoja wa mvua ambao sitausahau. Mama alikuwa amejifungua, kondo la nyuma limegoma kutoka, damu inamwagika. Simu yangu ilikuwa na chaji na salio, mtandao hakuna. Tulimtoa kwa sababu mvuvi mmoja alikubali kuwasha injini usiku ule na ziwa limechafuka, Mungu ambariki. Mama alipona. Nilichokosa ni njia ya kuwaambia wenzangu wa mbele, watayarishe damu, tunakuja.

Hiyo ndiyo sababu nilipostaafu na kuhamia Ujiji nilijiunga na wenye redio za ridhaa. Wasioijua kazi hii wafahamu kwamba ni huduma inayotambuliwa duniani kote na ina masafa yake. Mwenye leseni hupewa jina la kituo: ya Tanzania huanza na 5H, na kabla ya uhuru vituo vya Tanganyika viliitwa VQ3. Majirani zetu wa ziwa hili, Burundi ni 9U, Kongo 9Q, Zambia 9J. Leseni hapa kwetu inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Hatulipwi kwa ujumbe tunaopeleka, wala haturuhusiwi kufanya biashara hewani. Kwa masikitiko nasema kwamba 5H nyingi ninazozisikia ni za wageni waliokuja kwa muda. Ningependa kusikia sauti za vijana wa Katonga, Kibirizi na Buhingu.

Watu huniuliza redio itapitaje pale ambapo simu imeshindwa. Redio za mkononi, zile za megahezi 145, kwa kweli hazipiti. Mawimbi yake huenda moja kwa moja, na milima ya Mahale, yenye kilele cha Nkungwe cha mita 2,462, huyakata. Tunachotumia ni bendi ya mita 40, karibu na megahezi 7.1. Ukitundika waya chini chini, mita 4 hivi kutoka ardhini, mawimbi mengi hupanda juu moja kwa moja, yanagonga tabaka la anga lililo kilomita mia kadhaa juu yetu, kisha yanarudi chini kama mvua, yakinyeshea pande zote mbili za mlima. Kwa njia hiyo Kalya, ambayo iko zaidi ya kilomita 150 kusini mwa mji, inasikika Ujiji, na Kasulu na Kibondo pia. Tabora nayo huingia vizuri mchana. Usiku wa manane bendi hiyo huanza kuwaruka walio karibu ukabaki unasikia wa mbali tu. Hapo tunashuka kwenye megahezi 3.7, na waya unakuwa karibu mara mbili ya urefu wa ule wa kwanza. Nasisitiza hili la usiku kwa sababu wavuvi wa dagaa wako majini usiku, na akina mama wengi nao hushikwa na uchungu usiku.

Antena yenyewe haihitaji fedha nyingi. Gawa 143 kwa masafa yako kwa megahezi, utapata urefu wa waya wote kwa mita, kwa 7.1 inakuja mita 20 na kidogo. Unakata vipande viwili vya mita 10, ukiacha ziada kidogo ya kupunguza baadaye, katikati unaunga waya unaokwenda redioni. Badala ya vikombe vya dukani, vile vya kuzuia umeme usipite kwenye kamba, tunatumia vipande vya bomba la plastiki la maji tulivyotoboa kwa msumari wa moto, na kamba ni zile za nailoni za nyavu. Antena yetu ya Ujiji imefungwa upande mmoja kwenye mwembe, upande wa pili kwenye mchikichi. Gharama iko kwenye redio na betri. Redio ya wati 100 ikituma hunyonya karibu ampea 20, kwa hiyo betri ya gari ya N70 na paneli ya jua inayoeleweka ndiyo mwanzo.

Jumamosi mchana tunafundisha. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, vijana kadhaa wa mwaloni, kule wavuvi wanakoegesha mitumbwi, walipata nafasi ya kuja, na wengine wameendelea hadi leo. Wasio na leseni hawagusi kitufe cha kutuma. Wanasikiliza na kuandika, na mazoezi ya kuongea tunayafanya bila redio: mmoja anakaa ndani, mwingine nyuma ya ukuta, wasione nyuso. Mmoja anasoma ujumbe, mwenzake anaandika, kisha anaurudia neno kwa neno hadi wakubaliane. Mara ya kwanza wengi hudhani ni mchezo. Kisha zoezi likatuonyesha jambo. Kijana wa nyuma ya ukuta alisoma, "Boti imeondoka Sibwesa saa nne, mgonjwa mmoja, damu inahitajika." Binti wa ndani akaandika 04:00, kwa kuwa kwenye karatasi yetu saa zinaandikwa kwa mtindo wa 24. Mwandishi wa ujumbe alikusudia saa nne usiku, yaani 22:00. Kama ingekuwa kweli, watu wa bandarini wangedhani boti iliondoka saa kumi na nane kabla ya muda wake, wakaanza kuitafuta mahali ambapo haipo. Tangu siku hiyo kila ujumbe unasemwa saa pamoja na wakati wa siku, "saa nne usiku, ishirini na mbili sifuri sifuri", na anayepokea harudishi neno la kuthibitisha kabla hajayasema yote mawili. Yule binti sasa ndiye anayewafundisha wageni kujaza fomu, na ni mkali kuliko mimi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mkoa wetu uko mpakani. Tumepokea wakimbizi wa Burundi na wa Kongo kwa miaka mingi, na tunaelewa kwa nini mtu akiona waya mrefu juu ya mti anashtuka. Mwenzetu mmoja aliitwa mpelelezi na majirani zake, watoto wake wakasemwa shuleni, naye akashusha antena japokuwa leseni alikuwa nayo mfukoni. Ninawaomba wananchi wenzangu wajue kwamba kanuni za kimataifa zinakataza mtu wa redio ya ridhaa kuficha maana ya maneno yake kwa mafumbo. Tunachosema kiko wazi. Ofisa yeyote, au mtoto yeyote mwenye redio inayofika kwenye masafa hayo, anaweza kutusikiliza tangu salamu hadi kuagana, na kila baada ya muda mfupi tunataja jina la kituo chetu. Mwenye nia mbaya hachagui njia hiyo. Kanuni hizo hizo zinaruhusu kituo cha ridhaa kupeleka ujumbe wa watu wengine wakati wa dharura na maafa, na ndiyo maana naamini mahali petu ni mezani pamoja na viongozi.

Ombi langu la kwanza basi ni kwa Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Mkoa. Mtufahamu kabla ya maafa. Mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji chenye ziwa mbele na mlima nyuma, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha hadi Kigoma mjini. Wauguzi wanajua thamani ya kuambiwa mapema meli inakuja na wagonjwa wangapi, na wangapi hawawezi kutembea. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yalifika hadi kwenye nyumba za watu Kibirizi na Katonga. Na Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika mbali huko, intaneti iliyumba nchi nzima, na sisi wa mwisho wa reli tukaguswa vilevile. Tunachoomba si fedha. Tunaomba majina ya wenye leseni yaandikwe kwenye mpango wa maafa, watendaji wa kata wajue antena ya nani iko wapi na kwa kibali gani, na mkifanya zoezi la uokoaji mtuite tufanye nanyi. Vituo vya ridhaa vya ukanda wetu wa dunia, yaani Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati, vimekubaliana kukutana kilohezi 7110 wakati wa dharura, kwa hiyo hata mahali pa kutusikilizia pameshajulikana.

La pili ni kwa TCRA. Kijana wa Kalya hutumia boti, kisha basi au treni, kabla hajafika kwenye ofisi inayoweza kumsaidia maombi yake. Nauli na malazi yanazidi bei ya betri. Ofisa mmoja akija Kigoma mara moja kwa mwaka, akakaa siku mbili, akapokea maombi, akakagua vifaa na kuzungumza na vijana, atakuwa amefanya kazi kubwa. Sisi tutamwandalia ukumbi na watu.

Na wazee wenzangu mliofanya kazi Posta na Simu, reli, bandarini na jeshini, mliokuwa mkizijua hizi mashine kwa kuzipapasa gizani: vijana wanawahitaji. Mimi najua kusoma ujumbe wa mgonjwa, lakini redio ikifa siwezi kuifungua. Anayejua kushika chuma cha kulehemu waya aje. Aliye na redio ya zamani stoo asiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hatujaiangalia.

Tarehe 18 Aprili ni siku ya redio za ridhaa duniani, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1925 ndipo umoja wa kimataifa wa wenye redio hizi, IARU, ulipoanzishwa Paris. Siku hiyo tutaweka kituo chini ya ule mwembe, Ujiji, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Tutaita Tabora, tutaita Bujumbura, na tutasikiliza kama Kalya inafika. Mkuu wa Wilaya tumemwandikia barua. Wakunga wa zahanati za mwambao watakaokuwa mjini siku hiyo nawaomba waje na daftari zao za rufaa, tuzipitie pamoja tuone ni taarifa zipi zinafaa kuingia kwenye fomu yetu ya ujumbe.

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma.