Mabadiliko ya safari ya ufukweni

Ndugu wanakikundi, salamu kwenu nyote.

Safari yetu ya Jumamosi ipo palepale, ila tutaondoka saa 11:30 alfajiri badala ya saa 2:00 asubuhi, kutoka mahali petu pa kawaida pa kukutania. Sababu ni bahari yenyewe: wiki hii mwezi ni mpevu, maji ni ya bamvua (yanajaa na kupwa kupita kawaida), na kwa kuwa kati ya kujaa na kupwa hupita takriban saa 6 tu, tukichelewa tutakuta maji yamekwisha kutukimbia. (Sisi wa kujilaza mchangani hatutapungukiwa na kitu.)

Aidha, wale wazee wawili tuliokaa nao kivulini safari iliyopita, ambao mmoja wao, yule bibi, aliwafundisha watoto wetu kufunga fundo la nyavu kwa kamba ya kiatu, wameomba kuungana nasi. Binafsi naona tuwakaribishe, lakini basi ni letu sote, hivyo kila mmoja atoe kauli yake. Picha za watu tunaokutana nao njiani zisiwekwe humu bila ridhaa yao.

Tafadhali thibitisheni kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku:

1. Idadi ya mtakaokuja nao, watoto wakiwamo.
2. Kwamba salio la mchango wenu limemfikia mweka hazina.
3. Iwapo mnaridhia wageni wetu hao.

Atakayekuwa kimya hadi wakati huo, nafasi yake katika basi atapewa mwingine.

Ahsanteni.
Mratibu