Mbona mionzi haiumi, lakini seli zinakufa?

Karibu kila tunapokabidhi beji za kupimia mionzi, tunaulizwa: "Eksirei haichomi, haina harufu, haina hata vuguvugu. Sasa inauaje?" Ni swali la haki, na jibu lake ndilo linalotufanya tusisitize beji ikae kifuani mwako, si kwenye droo.

Wengi hudhani mionzi huunguza kama pasi. Sivyo. Dozi ya grei 4 (grei ni kipimo cha nishati ya mionzi inayofyonzwa na mwili) ikipokewa na mwili mzima kwa mkupuo huua karibu nusu ya walioipata wasipotibiwa, ilhali nishati yake hupandisha joto la mwili kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya digrii. Hakuna ngozi itakayohisi hilo. Ubaya wake umo katika mahali nishati hiyo inapotua.

Mionzi ayonishi hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Kwa kuwa seli kwa sehemu kubwa ni maji, mara nyingi kinachovunjika ni molekuli ya maji, na vipande vyake, hasa kile kiitwacho haidroksili, hurukia chochote kilicho jirani. Haviishi hata nukta moja. Lakini kikizaliwa ubavuni mwa DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya seli, muda huo unatosha. Wakati mwingine DNA hupigwa moja kwa moja.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Grei 1 hukata uzi mmoja mara kama 1,000 katika kila seli, na seli haitetereki: vimeng'enya vyake husoma uzi uliobaki na kuziba pengo. Balaa ni pale nyuzi zote mbili zinapokatika mahali pamoja. Mikato hiyo ni kama 40 tu kwa dozi hiyohiyo, nayo ndiyo inayoua. Ncha zimebaki wazi, hakuna uzi wa kunakili, na pengine ncha ya kromosomu (furushi la DNA) moja huungwa na ya kromosomu nyingine kabisa.

Hapo ndipo wateja wetu hushangaa: seli hiyo haifi siku hiyo. Huendelea na kazi zake kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka ijaribu kujigawa. Kromosomu iliyoungwa vibaya huvutwa pande mbili kwa mpigo, hukatika tena, na seli zinazozaliwa hukosa sehemu ya urithi wao. Zingine hujigawa mara moja au mbili, kisha ukoo mzima ukakatika. Limfositi, chembe nyeupe za kinga zilizo katika damu, hazingoji. Nyingi hujiua zenyewe ndani ya saa chache.

Kwa hiyo wanaoumia mapema ni uboho, utumbo na mashina ya nywele, ambako seli hujigawa bila kupumzika. Wafaransa Bergonié na Tribondeau waliliona hilo mwaka 1906. Dozi kubwa ya kichwani huangusha nywele wiki mbili au tatu baadaye, wakati mtu ameshasahau aliposimama. Tiba ya saratani hutumia udhaifu huohuo, mara nyingi grei 2 kwa siku, ili seli zenye afya zipate nafasi ya kujitengeneza kati ya dozi na dozi.

Mgonjwa asiogope picha ya kifua: haizidi takriban milisiveti 0.1 (siveti hupima madhara ya dozi kwa mwili; milisiveti ni sehemu yake moja ya elfu), na mazingira yenyewe hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Tunayemhangaikia ni wewe unayesimama karibu na mashine kila siku. Kikomo chako ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na mwili wako hautakuambia umefika.

Beji itakuambia. Ndani yake mna kipande kidogo cha fuwele kinachohifadhi nishati ya mionzi. Tukikipasha moto hutoa mwanga hafifu, na wingi wa mwanga huo ndio dozi yako. Kikishasomwa kimefutika, hakisomeki tena. Kwa hiyo kama beji ilisahaulika usiku kucha ndani ya chumba cha mashine, au ilivaliwa na mwenzako, tuambie kabla hatujaiweka kwenye kisomeo.