Shoga, si uzee, ni mate

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Hapa Tanga sote wazima. Juzi kwenye simu uliponiambia umeanza kulala na chupa ya maji kando ya mto, nilinyamaza. Sikutaka kuyasema mbele ya wajukuu, ndiyo nakuandikia.

Mimi yalinianzia kwenye maulidi. Zamu yangu ya kusoma imefika, nafungua mdomo, ulimi umeganda kwenye kaakaa. Nikasingizia mafua. Usiku naamka kama niliyelamba majivu, na chai ina ladha ya chuma. Nilikuwa na miaka 51, hedhi imeniaga mwaka na zaidi, lakini nani angehusisha ya huko na ya mdomoni? Nikadhani kisukari, nikapima, sukari iko sawa. Mhudumu mmoja akaniambia, "Mama, huo uzee tu." Nikachukia, nikaondoka.

Sasa sikia ujinga wangu. Nikawa kila usiku namumunya peremende ili mate yatoke. Na kweli yanatoka! Miezi si mingi, jino la nyuma likaanza kuuma nikinywa maji baridi. Daktari wa meno akanishikisha kioo nijionee: matundu mawili, tena si pale pa kutafunia, ni chini kabisa, jino linapoingia kwenye ufizi. Ndiye aliyenifumbua macho. Tezi za mate nazo hutegemea homoni ya estrojeni, ambayo hushuka hedhi inapokoma. Wengine mate hupungua, wengine huwa mazito. Na mate, shoga, si maji tu: huosha mabaki ya chakula, hupunguza ukali wa asidi, hulirudishia jino madini yake. Yakiadimika, hata sukari kidogo hula jino. Mimi nalala na peremende shavuni!

Akauliza na dawa ninazomeza. Za mzio hukausha kinywa, na baadhi za presha pia. Mimi za mzio nilikuwa nameza kila siku. Wewe zako za presha usiziache kwa kichwa chako, zitaje tu kwa daktari.

Siku hizi napiga funda dogo dogo la maji. Jagi zima halisaidii, litakupeleka chooni hadi alfajiri, nimejaribu. Natafuna chingamu isiyo na sukari, napiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, na ile ya kusukutua yenye spiriti nimeitupa. Kahawa nimebakisha kikombe kimoja. Kashata nimeiacha, na bado inaniuma.

Ila macho nayo yakikauka kana kwamba yana mchanga, au ukiona utando mweupe ulimini, usikae ndani ukisema ni hedhi. Kuna maradhi mengine yanayokausha mate, nenda ukapimwe.

Niambie, muhogo wa kuchoma bado unapita bila maji? Nijibu kwa barua, simu yangu ina wasikilizaji wengi.

Shoga yako wa Chumbageni